Mgeni wa Puani

Sjef alikuja kubadilishwa nyonga, si jingine.
Umri sabini na moja, vidole kama tangawizi,
nguruwe mia tisa huko nje ya Deurne.
Nilimtia kijiti cha pamba puani, kisha kooni.
Akapiga chafya. Tukacheka.

Jibu lilipofika sikucheka.
Chumba cha mwisho, milango miwili:
wa pili haufunguki mpaka wa kwanza ujifunge.

"Lakini siumwi," alisema.
Huumwi, Sjef. Umebeba tu.
Vijidudu vimepanga puani mwako bila kodi,
na dawa zetu vinazitazama
kama mtu aliye ndani anavyotazama mvua.
Wewe havikudhuru.
Ila nyuma ya ukuta huu amelala Jorinde,
miaka kumi na tisa, damu isiyo na walinzi,
na njia ya kutoka kwako kwenda kwake
ni mikono yangu.

Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.
Huyu wa Sjef jembe halishiki.
Hata marhamu ya pua daktari hakuandika:
akirudi zizini, alisema,
vitamrudia kabla hajavua koti.

Basi kila asubuhi joho la njano, barakoa, glavu.
Chakula chake cha mwisho kugawiwa,
sakafu yake ya mwisho kupigwa deki.
"Nakujua kwa nyusi," aliniambia.
Drika, mkewe, alivishwa joho kama mimi,
akacheka mpaka akakaa chini:
"Miaka arobaini na sita tunalalia mto mmoja!"

Usiku wa nne kengele yake ililia.
Hakutaka maji. Hakutaka dawa ya maumivu.
"Ile dawa niliyochanganya kwenye pumba
miaka yote ile, hata kwa nguruwe wazima,
ndiyo iliyovifundisha?"
Nilikuwa nalo jibu la kitabuni.
Nikanyoosha shuka ambalo halikuwa na mkunjo.

Siku ya kuondoka nilimsukuma hadi maegeshoni.
Baridi. Drika anahangaika na buti la gari.
Sjef akatoa mkono, mtupu,
akaushikilia hewani, hakusema kitu.
Siku tisa hakuna ngozi iliyomgusa.

Nilivua glavu.

Kisha nikarudi ndani, nikanawa
mpaka juu ya viwiko, nikihesabu polepole,
kwa sababu ya Jorinde.