Mguu wa Nondo

Saa nane usiku, juu ya paa la maabara, Kabete.
Wamekuja tena. Wanagonga kioo cha taa ya mtego,
tap, tap, wakikata,
kama mtu asiye na salio.

Nahesabu thelathini na saba.
Wote kijivu cha kaptura ya shule iliyofuliwa mno.
Ukiniuliza kwa macho, nitakwambia mapacha.

Asubuhi nawakata mguu, mmoja mmoja.
Mguu unatosha.
Nausaga, nauchemsha, nausubiri
uzisome herufi zake nne bila nukta, bila kupumua,
na hapo upacha unavunjika:
huyu wa kumi na moja ana shangazi Malawi,
wa ishirini, nyanya wa nyanya zake
alilelewa na mahindi ng'ambo ya Atlantiki.
Na huyu
(nimerudia mara mbili, nisije nikamsingizia)
ni ndugu wa yule niliyemtoa kwenye muhindi wa mama
Endebess, mwaka tuliovuna mabua.

Mimi nilikuja kwa basi, na begi, na barua ya kazi.
Yeye alipanda upepo.

Langoni Bwana Shitakwa huandika kila aingiaye:
jina, kitambulisho, kwenu wapi.
Miaka tisa, bado ananiuliza kwetu.
Si ubaya, ni daftari lina safu hiyo.
Nondo hupita juu ya kofia yake.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Huyu kaja, na mwenyeji anapanga foleni ya unga.

Mtu asiseme nimemhurumia.
Nilimwona mama akimenya muhindi, akakuta funza na mavi yake,
akaurudishia maganda polepole
kama aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.
Tulinyunyiza dawa. Wakafa.
Wachache walikuwa na herufi moja tofauti.
Wachache wanatosha.

Jioni mama anapiga: Mmeshamjua?
Tumewajua shangazi zake, nasema.
Kimya. Halafu: Na mimi nipande nini?

Kangemi, kati ya mtaro na lami,
mtu amepanda mistari mitatu ya mahindi.
Nageuza jani. Mayai,
yamefunikwa manyoya ya mama yao, blanketi kabisa.
Sijui ni ukoo gani.
Nayaponda kwa dole gumba.

Yaliyobaki chini ya ukucha
nitakwenda nayo kazini.