Kunde

Msimu wa salfa, Kitangari nzima inapiga chafya;
nani angeshughulika na sikio la mtoto mmoja?

Nilikuita mara tatu ulete ungo, Shazili, hukuja.
Mara ya nne nilikufuata na ufito.
Mwalimu Chilumba akakupigisha magoti nyuma ya darasa,
akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu,
nami nikaitikia,
maana mwalimu amesoma.

Kisha mto ukaanza kulowa, upande wa kushoto.
Harufu yake sitaisema.
Bibi yako akatia mafuta ya nazi, vuguvugu.
Jirani akaleta maziwa ya mzazi kwenye kifuniko cha soda.
Mwingine akasema mkateni kimeo;
hilo nilikataa, hilo tu.
Mimi nikamimina maji.
Mkulima mimi,
nikamwagilia nisichojua kimepandwa.

Ligula, foleni imezunguka jengo.
Daktari ni binti mdogo, taa kwenye paji la uso
kama mchimba madini.
Akaziba sikio lako la kulia kwa kidole,
akanong'ona kwenye la kushoto:
Shazili, unataka pipi?

Hukugeuka.
Mtoto wangu hakugeukia pipi.
Fito zote nilizokuchapa zikanirudia,
moja moja, mgongoni.

Mshike kichwa, mama, asitikisike.
Chuma chembamba, ncha yake imepinda
kama mwiba wa changu.
Ukanishika kanga ukaivuta mpaka ikapasuka pindo.
Kitu kikadondoka kwenye bakuli: ti.

Kunde.
Imevimba, ganda limeachia,
na mzizi mweupe, mfupi, umeshachungulia.

Nani aliitia?
Mimi. Tulikuwa tunashindana na Bakiri.
Nani alishinda?
Ukafikiri. Yeye alitia puani, akapiga chafya.

Matone siku kumi na nne. Pamba kavu. Asipige mbizi.
Ngoma ya sikio ina tundu, akasema,
huenda likaziba lenyewe, huenda lisizibe,
mrudishe mvua zikianza.
Nauli ya kurudi nimeifunga kwenye pindo lililobaki.

Wanasema sikio la kufa halisikii dawa.
Hili halikuwa limekufa.
Lilikuwa linaota.

Jana nimekuita kutoka jikoni
kwa sauti ile ile niliyoizoea miezi mitatu,
sauti ya kufukuza nguruwe shambani.
Ukatokea mlangoni, uso umekunja:
Mama, nipo hapa hapa.
Kelele zote hizo za nini?