Mitungi ya Leocadia

Mvua ya kwanza tangu Machi, dakika ishirini,
na alfajiri Leocadia yuko mlimani na ndoo.
Ameufukia mtungi mmoja chini ya kipara cha ardhi,
mwingine chini ya mashungi ya esparto,
nyasi ngumu ambazo mamake alisukia kamba na viatu.

Wa kiparani umefurika:
maji ya rangi ya tofali, tope vidole vinne.
Wa nyasini una kikombe tu, na siafu mmoja aliyelowa.

Mvua ileile.

Anapiga magoti. Kila shungi, kwa upande wa juu,
limejijengea kibaraza:
udongo uliokamatwa ukitoroka, mbegu, mavi ya mbuzi,
maji yaliyoambiwa, keti kwanza.
Nani aliyayatuma? Kipara.
Kisingekuwepo kipara, shungi lingekunywa nini?
Si uadui huo. Balaa ni vipara vikishikana mikono
kutoka kileleni hadi bondeni.

"Mashungi sita tu," alisema Fulgencio mwaka juzi,
akiyang'oa apate njia ya trekta, nyoofu, hadi kwenye milozi.
Leo njia ni korongo;
kaka mtu amesimama ndani yake, ukingo unamfika kiunoni,
kofia mkononi kama yuko mazikoni.

Leocadia hamwambii neno la jana.
Anamshushia mtungi wa tope.
"Shika kwa mikono miwili," anasema.
"Humo mna lozi zako."