Chupa ya Kumi na Moja

Chupa ya kwanza ilinidanganya hadi asubuhi.
Jioni ilikuwa shwari, rangi ya chai ya limau,
nikaiweka dirishani, nikalala kama mtu aliyelipa madeni.
Kulipokucha (na Oulu, Januari,
hakuchi; giza hupauka tu kidogo)
juu palielea pete ya mafuta,
ya rangi ya chungwa, imenona,
na chini maji yangu, matupu,
kana kwamba hawajawahi kuonana.

Mafuta ni ya tyrni, beri chachu za miibani
nilizochuma ufukweni Hailuoto
nikiwa na glavu za mchomelea vyuma.
Maji ni ya kukenekwa.
Nilivipasha vyote viwili hadi nyuzi sabini,
nikapima kwa mizani inayoshtuka nikipumua,
nikaweka kiunganishi:
kichwa chake chapenda maji, mkia wapenda mafuta,
mshenga asiye na ndugu upande wowote.
Kilipopungua, hakikusikilizwa.
Kilipozidi, povu;
seramu ikanata shavuni kama stempu.

Ya tano niliipa kaboma, jeli nzito, yenye heshima.
Ilishika siku kumi na moja.
Kisha tamaa: nikaongeza utomvu wa shubiri,
chumvi zake zikailegeza jeli
ikawa uji wa mgonjwa.

Ya sita sitaisema sana.
Kihifadhi kilihamia ndani ya mafuta,
mlinzi aliyeingia jikoni kuota moto,
na maji yakabaki getini peke yao.
Ukungu uliota ndevu.

Mama hakuulizwa. Alikuja na mkate wa shayiri
akakuta meza yangu imejaa makosa yenye namba.
Aulikki, miaka thelathini na mmoja kiwanda cha maziwa,
sikio lake la kushoto lilibaki kwenye mashine.
Akaiinua chupa ya kumi kwenye taa,
akaigeuza, akasubiri, akaigeuza tena.

«Hayajagombana haya,» akasema, kwa sauti ya viziwi.
«Matone yako ni makubwa. Tone kubwa lina haraka ya kupanda.
Sisi tuliyasukuma kwenye upenyo mwembamba kuliko unywele
mpaka yakasahau juu ni wapi.»

«Lakini nataka iwe angavu, mama.
Helsinki wananunua kinachofanana na kioo.»

«Kwani maziwa yana aibu gani?»

Sikumjibu. Nilikasirika hadi Jumatano.

Alhamisi nikaazima kisagio chenye meno
kwa Pirkko-Liisa wa duka la rangi,
nikakiendesha dakika nne, kikilia kama daktari wa meno.
Nikaacha ipoe, chini ya arobaini,
ndipo nikatia kihifadhi, cha kukaa majini, kazini kwake.
Asidi nikaituliza kwenye tano nukta mbili.
Haikuwa angavu. Ilikuwa kama macho ya paka mzee.

Nikaitoa barazani, hasi ishirini na nne.
Ikawa jiwe. Nikaiingiza karibu na jiko la sauna, ikalainika.
Nje, ndani. Nje, ndani. Mara tano,
kama majirani zangu wenyewe wanavyofanya
kila Jumamosi, uchi, kwa hiari.

Mama akajipaka nyuma ya kiganja,
pale baridi ilipochora mistari ya damu.
Akanusa. «Karoti,» akasema,
akajipaka mkono wa pili.

Sasa kila asubuhi, kabla ya kahawa,
nainama kuangalia shingo ya chupa.
Jana ilikuwa siku ya arobaini na tatu.
Niliandika daftarini: hakuna pete.
Leo nimekuta, chini ya mwandiko wangu,
neno moja la penseli, herufi zake kubwa za kiwandani:
bado.