Dimbwi la Mwaka Ule

Kiwandani Mafinga, ukungu bado umelalia madirisha,
Lwitiko, kijana wa vipimo, kasimama kando ya tanuri,
saa mkononi, anahesabu hatua zangu.

Kumi na tisa kwenda, kumi na tisa kurudi,
vibao kifuani, harufu ya msindano hadi kwenye kilemba.
Anaandika. Sipendi kuandikwa.

"Mama Kihwelo, mbona unazunguka pale?"
Pale wapi?
"Pale, katikati. Hakuna kitu."

Nikatazama sakafu. Kweli, hakuna kitu.
Mwaka ule wa masika makubwa bati lilitoboka,
dimbwi likakaa hapo hadi Juni;
toroli tukalisogeza ukutani, tukapita pembeni.
Fundi Luvanda aliliziba tundu.
Siku hizi kastaafu, anafuga nyuki huko Sadani.
Na sisi tukaendelea kulizunguka dimbwi
miaka tisa,
kwa miguu mikavu.

Leo toroli limerudi. Hatua sita.
Tanuri halinisubiri tena, mimi ndiye ninayelisubiri,
na katika kile kipenyo cha sekunde chache
nasikia kitu nilichokisahau:
mvua,
juu ya bati zima.