Mkono Umekaa

Mama alilipa mbuzi nijifunze kushona,
mbuzi jike mmoja na jerikani ya kasiksi,
kwa fundi Mushagalusa, pale juu ya soko la Kadutu,
naye miezi minne akanipa ufagio tu.
Siri ya mkono wa gauni aliificha:
alikata akinipa mgongo,
mkasi ukitafuna, nisione njia yake.

Mimi nakata mbele ya simu.
Simu imeegemea kopo la maziwa ya unga,
cherehani imesukumwa pembeni,
watoto wa jirani wamekatazwa kulia.
Kipande cha sabuni kavu ndicho chaki yangu.
Nasema: tazameni hapa, kwapani,
hapa ndipo nguo husema uongo.
Ukikata kwa pupa, mwenye gauni hatanyanyua mkono
kumpungia hata anayempenda.
Dakika sita. Ya saba, umeme hukatika.

Dada yangu Cito hataki kusikia:
“Mbuzi wa mama unamgawa bure,
nyama kwa watu usiowajua majina!”
Sina jibu. Natia uzi sindanoni.

Jumanne, mvua ikiteremsha udongo wa Funu kama uji,
simu ililia mara moja,
sauti ya punje ikianguka bakulini.
Franka mia tatu.
Kutoka Kamituga, kwa mtu aitwaye Mama Byamungu,
na maneno chini yake:
“Mkono umekaa. Mtoto alipokea komunyo ya kwanza,
akainua mikono wakati wa kuimba,
na gauni halikulalamika.”

Mia tatu!
Vifungo viwili vya shati, tena visivyofanana.
Nikateremka kwa Bisimwa, chini ya mwavuli wake uliopauka,
nipate kuishika.
Alicheka hadi akafuta macho:
“Fundi, ukiitoa hii, makato yataimeza,
kisha yataomba mchuzi.”
Basi msinisomee haba na haba;
kibaba changu kimetoboka,
na tundu lina risiti.

Nikapanda ngazi za mawe mfuko mtupu,
lakini nilipanda kama mtu aliyekula.

Usiku nilipiga hesabu za mbuzi.
Mia tatu ni unyoya mmoja,
wa shingoni, ule laini.
Tangu Pasaka yameingia manyoya kumi na tisa:
mmoja wa Uvira,
mmoja wa mzee wa Baraka asiye na cherehani,
anapenda tu kuona kitu kikikatwa sawasawa,
na mia mbili za Goma zilizokuja zikiomba radhi:
“Ningetuma zaidi, mama, ila ni mwisho wa mwezi”,
na tarehe ilikuwa nane.

Ukimpa mwenzako mle mle, hawakati kitu.
Nikamtafuta Kambale, kijana wa Butembo,
aliyenionyesha, bila kunidai,
kwamba mkasi hunolewa upande mmoja wa meno.
Miaka kumi na moja nilinoa pande zote mbili,
nikiuua kwa bidii.
Nikampa ile mia tatu ya Mama Byamungu.
Nikaandika: Mkasi umekaa.
Kidole kilitetemeka;
kutoa kidogo kuna haya kuliko kutoa kingi.

Asubuhi Cito aliuliza, mswaki mdomoni:
“Mbuzi wetu amefika wapi?”
Nikamwambia: sikio la kushoto.
Na sehemu ya ndevu.
Akajizuia, dada yangu, akashindwa, akacheka,
kisha akaichukua simu,
akafuta kioo chake kwa upindo wa kitenge,
akaisimamisha mwenyewe kwenye kopo.
“Leo kola,” akasema.
“Na usiwape mgongo.”