Kusubu

Jumamosi ya Februari, Montana, nyuzi ishirini chini ya sifuri,
na Verna Haugland ameuacha mlango wa karakana nusu wazi.
Baridi na iingie. Moshi wa risasi haufai kufungiwa.

Chunguni: vipande vya kusawazishia magurudumu,
alivyopewa na fundi wa matairi kwa bei ya keki mbili.
Vinakataa, vinakataa,
kisha vinalegea kama mtu aliyechoka kubishana.
Anatupia kibonge cha nta. Moto unaruka, unazima.
Taka zinapanda, vibanio na vumbi la barabara kuu,
anaziengua kwa kijiko kisichorudi tena jikoni.
Chini yake, kioo. Kinaonyesha taa ya dari.
Hainami kujitazama.

Tone moja la maji humu, na chungu kizima hupaa.
Ndiyo maana buti amezikung'uta mlangoni
mara tatu.

Kalibu ni ya Einar, kaka yake, marehemu.
Alitumia mkono wa kushoto; mishikio imechakaa kimashoto,
na kiganja cha Verna hakijaizoea, mwaka wa sita huu.
Za kwanza zinatoka na makunyanzi: kalibu bado baridi.
Anazirudisha motoni bila kinyongo.
Ya kumi na mbili inatoka laini.
Anakata kikonyo, anafungua, anagonga,
inadondoka juu ya taulo.
Kata, fungua, gonga.
Anapozidisha haraka zinapauka kama zilizopigwa na umande,
naye anasubiri, anahesabu pumzi.

Lugha hii ninayoandikia ina ubahili:
madini ni risasi,
na kitokacho bundukini ni risasi,
kana kwamba tulikwisha kukata shauri
kabla chungu hakijachemka.
Lakini chubwi la mshipi nalo ni risasi. Timazi ya mwashi pia.

Kesho yake, zimepoa, anazipaka nta ya nyuki
na kuzisukuma moja moja katika tundu
ambalo jicho haliwezi kulipima.
Mikromita inaweza. Elfu moja ya inchi;
unywele ni mnene kuliko hapo.

Hapigi mnyama. Hupiga karatasi, mita mia,
na karatasi huzikunja na kuziandika tarehe.
Mwezi wa Mei, ardhi ikishalainika,
huenda na sepetu na chekeche
kwenye tuta la udongo nyuma ya shabaha,
akarudi na ndoo ya risasi zilizobondeka kama uyoga.

Mwaka wa kwanza aliokota moja yenye mstari mwembamba
ndani ya mfuo wa nta. Aliujua mstari ule:
Einar aliiangusha kalibu sakafuni,
akalaani kwa Kinorwe alichobakiwa nacho, maneno manne tu.
Verna akaiweka dirishani, karibu na ufunguo wa akiba.
Ilikaa wiki nzima
mpaka alipozigeuza zake mwenyewe, mpya, chini ya taa,
na kila moja ilikuwa na mstari huohuo.

Alicheka peke yake, kwa sauti.
Akaichukua ya dirishani, akaitia chunguni na wenzake.

Leo mia mbili na sita. Nne mbovu.
Ananawa hadi viwikoni kwa maji baridi na sabuni,
ndipo kahawa.
Nyuma yake chungu kinaganda, kikianzia pembeni.